Mtihani Ambao Haukuwapo

Bertrams,
Johannesburg.
Jumapili, 29 Julai 2018

Mpendwa kaka Bakiri,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, wifi na watoto, na kwamba mgongo wako umetulia baada ya siku zile za msiba ulipokuwa ukilala chini na wageni. Je, meno ya mbele ya Duni yameshaota? Na Ami Jumbe, bado anakuja kusoma gazeti barazani hata sasa ambapo Bibi aliyekuwa akisomewa hayupo? Mimi mwili hauna neno. Baridi ya huku inauma, asubuhi nyasi za pale uwanjani zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda, ila nimeizoea.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nilikuwa nafuta. Nimefuta mara nne. Khatibu anaondoka Jumanne kwa basi na ameahidi kuikabidhi mkononi mwako. Tafadhali isome peke yako kwanza.

Kaka, nina hasira nawe, na sitaki kuizungushia maneno. Bibi alifariki Jumatano ya tarehe nne, mkamzika Alhamisi asubuhi, na mimi nikaja kuambiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Siku nane. Kabla yangu alijua jirani yangu Mama Karimu, walijua wauza vitenge wote wa Jules Street, alijua mpaka kijana wa spaza, kile kiduka cha hapo kona, ninayenunua mkate kwake. Mimi niliyelala kitanda kimoja na Bibi mpaka nikavunja ungo, nilijua wa mwisho.

Acha nikueleze nilivyojua, maana hukuwapo. Nilishuka kwenye teksi kutoka uwanja wa ndege na mabegi mawili. Mlangoni kwangu viatu vya wanawake vilikuwa vimejaa mpaka kwenye ngazi. Nikadhani wamekuja kunipokea. Nilifurahi, kaka. Niliingia kwa kelele kabisa: "Eish, jamani, mmenikumbuka hivi?" Mama Karimu akanyanyuka kwenye mkeka, akanipokea begi, akasema, "Vua koti, mwanangu. Kaa kwanza." Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za safari. Hapo nikajua. Sikujua ni nani, lakini nilijua.

Umeniandikia kwamba mlinificha kwa huruma, kwamba aliye ugenini haambiwi msiba mpaka afike, akae, apate wa kumshika. Desturi hiyo naifahamu. Baba alipofariki wewe ukiwa Mombasa, mimi mwenye miaka tisa ndiye niliyepewa simu nikuambie kwamba baba amelala. Niliambiwa nikuambie kwa sauti ya kucheka, nikacheka. Kwa hiyo sikulaumu kwa desturi. Nilikuwa na lawama nyingine, nimeitafuta wiki mbili hizi, na kila nikiishika inanigeukia mimi.

Kwa sababu umeniandikia na jambo la pili. Umesema Jumanne usiku, Bibi akiwa na pumzi za kuhesabu, ulitaka kunipigia, yeye akakushika mkono: "Msimwambie Mwanaharusi. Mwacheni mwanangu afanye mtihani wake." Umeyaandika maneno hayo ili yanifariji. Nimeyasoma mpaka nimeyachukia.

Kaka, hapakuwa na mtihani.

Hapakuwa na kozi. Duka la dawa ninalofanyia kazi halijawahi kunipeleka hata Pretoria, itakuwa Ulaya? Nilikwenda Ireland kutembea. Tulikuwa wanawake wanne: mimi, Nusaiba wa Unguja mwenye saluni Malvern, Murielle fundi cherehani wa Lubumbashi, na Thérèse binamu yake, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha gari. Tulipanga mwaka mzima. Murielle aliona picha ya barabara nyembamba kati ya kuta za mawe, bahari upande mmoja, kondoo upande mwingine, akasema, "Huku hakuna mutu anatujua. Twende huku." Basi, ndiyo sababu nzima.

Halafu mwezi wa Ramadhani wewe ukaniambia miguu ya Bibi imevimba, nije baada ya Idi. Ningekuambia nini? Kwamba naahirisha kuja nyumbani ili nikalale kwenye nyasi na mashoga zangu? Nilijua sauti yako ingekuwaje. Nikasema ni kozi ya lazima, ya kazini, ina mtihani mwishoni, nikiukosa napoteza kazi. Uliuliza tarehe tu. Ukasema, "Soma, mdogo wangu, sisi tupo." Nilikata simu nikajiona nimeponyoka.

Na sitakudanganya tena kwa kusema sikufurahi. Nilifurahi mno. Watu walituambia tubebe makoti ya mvua, na mvua haikunyesha hata tone; jua lilikuwa kali mpaka majani ya milimani yakawa ya manjano na wenyeji wenyewe wakashangaa. Hatukuwa na haraka na kitu. Tukipenda mahali tunasimama. Thérèse anaegesha gari, Murielle anatandika kitenge, tunakula mkate na jibini tukitazama maji. Kule mwezi wa saba jua halitaki kuzama; saa nne usiku bado unaweza kutunga uzi kwenye sindano. Nilifanya hivyo, nilishona kifungo cha koti.

Nimehesabu saa, kaka. Nimekuwa mtu wa kuhesabu saa. Umesema Bibi alikata roho saa kumi na moja jioni. Kule ilikuwa saa tisa alasiri, na tulikuwa Galway, kando ya mto, na wenyeji wamejilaza ukingoni kama nguo zilizoanikwa. Nilikuwa nimevua viatu. Nakumbuka saa ile kwa sababu niliwaza jambo fulani, nikapenda nilivyoliwaza, nikaliwaza tena: leo hakuna mtu duniani anayenihitaji.

Saa moja baadaye simu ya Nusaiba ikalia. Ulikuwa wewe. Ulidhani yuko saluni kwake. Alinyanyuka, akaenda kusimama kwenye daraja, na mimi nilimwona mgongo tu. Amenisimulia mazungumzo yenu, nimemlazimisha ayarudie neno kwa neno.

"Mtihani wake unaisha lini?" ulimuuliza.

"Tarehe kumi na moja, kaka."

"Basi mfichie mpaka afike. Ndivyo alivyotaka marehemu."

"Sawa, kaka."

Angeweza kusema: yuko hapa, amevua viatu, anakula aiskrimu, zungumza naye. Hakusema, kwa kuwa angenifedhehesha mbele yako. Wewe ulikuwa unalinda mtihani wangu na yeye analinda uongo wangu, na kati yenu wawili hakuna aliyebaki wa kuniambia. Siku ile niliyoambiwa nilimrukia Nusaiba kwa maneno mbele ya wanawake wote, nikamwita mnafiki. Akanijibu taratibu tu, "Harusi, mimi ningesema ukweli gani, wangu au wako?" Hatujazungumza tangu siku ile. Nitamwendea, lakini si leo.

Kuna asubuhi moja sina budi kukueleza, kwa sababu ndiyo inayoniamsha. Ilikuwa Jumamosi, tarehe saba, kwenye mji mdogo wa Dingle, mwisho kabisa wa nchi. Tulilala nyumbani kwa mama mmoja mzee aitwaye Nora, anayepangisha vyumba na kuwapikia wageni kifungua kinywa. Tunakula mayai, redio inaimba jikoni. Ghafla Mama Nora akaongeza sauti na kuinua kidole, sote kimya. Mtangazaji akaanza kusoma majina ya waliofariki. Jina, kijiji, mwili uko nyumba gani, watu waje saa ngapi, maziko lini. Mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Mama Nora kijiko chake kiko hewani.

Unamkumbuka Bibi na matangazo ya vifo? Sote tunanyamazishwa, hata mtoto mchanga anapewa titi asilie, na kijiko cha uji hakirudi bakulini mpaka jina la mwisho lisomwe. Nilicheka kwa sauti. Nikawaambia wenzangu, "Jamani, Bibi yangu yuko hivihivi!" Nilisema *yuko*. Alikuwa na siku mbili kaburini.

Nusaiba akasukuma sahani. Murielle, ambaye hakuwa na habari yoyote, akamtania, "We Nusaiba, tangu juzi uko kama mutu wa ku matanga. Nani alikufa?"

"Tumbo tu."

"Tumbo! Kunywa chai, mama, acha mambo."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Thérèse akamuuliza Mama Nora kama anawafahamu wale waliotajwa. Akasema wa pili alisoma na dada yake, jioni atakwenda. Na jioni tulimwona anatoka na keki iliyofunikwa kitambaa, amevaa viatu vizuri, anatembea katikati ya barabara. Nikampiga picha kwa nyuma. Ninayo. Asubuhi hiyo nilisikia vifo vya watu saba nisiowajua, kwa majina yao na vijiji vyao.

Sasa lile ninalokuuliza, nawe unijibu. Jumanne ya tarehe tatu, tulipopita Dublin, niliingia maktaba ya zamani ambayo watalii hutembelea, nikakaa kwenye benchi la nje na kitabu cha mwongozo wa safari, Murielle akanipiga picha. Nikaituma kwenye kundi la familia: "Masomo magumu, niombeeni dua." Wewe ukajibu kwa mikono miwili ya dua. Je, ulimwonyesha Bibi picha ile? Alishika simu? Nataka kujua kama picha yangu ya mwisho aliyoiona ndiyo ile, na kama ndiyo iliyomfanya akushike mkono usiku ule. Usinifiche kwa huruma. Ya huruma nimeshiba.

Mama Karimu anasema niache, kwamba Bibi ameondoka na furaha kuwa mjukuu wake anasoma, basi furaha hiyo ni yake, nisimnyang'anye. Nimelifikiria hilo kwa dhati. Lakini nasikia mnasimulia habari yangu pale nyumbani. Wifi ameniambia kwenye simu, kwa nia njema, kwamba shehe aliitaja kwenye mawaidha siku ya tatu: bibi aliyesahau mauti yake kwa ajili ya elimu ya mjukuu. Watu wakalia. Kaka, wamelilia mtihani ambao haukuwapo.

Arobaini ni Jumapili ya tarehe kumi na mbili. Nimepata likizo, safari hii ya kweli. Nitashuka stendi ya Tanga Ijumaa ya tarehe kumi, mchana, Mungu akipenda. Kabla ya hitma, ninaomba usimame barazani uwaambie wanaume ukweli: Mwanaharusi hakuwa kwenye mtihani, alikuwa anatembea, alitudanganya, nasi tukamficha. Maneno hayo tu, taratibu, kama tangazo. Ndani kwa wanawake nitasema mwenyewe. Najua unalochukia zaidi ni aibu mbele za watu. Mimi nachukia zaidi kwamba yule aliyenyamazisha nyumba nzima ili kila maiti asikiwe sawasawa, habari ya kifo chake yeye ina uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu.

Chumba chake msikifungue mpaka nifike. Sitaki kitu, nataka kukaa kidogo tu.

Nisalimie wifi Mwanakombo, umwambie nimemshukuru kwa kumwosha Bibi mahali pangu. Nisalimie Ami Jumbe. Duni mwambie nimemletea kondoo wa sufu. Nilimnunua siku ileile ya Jumatano asubuhi, kabla sijawa na sababu ya kuogopa kumtazama.

Mungu amrehemu Bibi, amwangazie kaburi lake, na atupe sisi tuliobaki moyo wa kutazamana.

Nimetaka barua itangulie ili uwe na siku chache za kunikasirikia kabla hujaniona. Ukija kunipokea stendi, nitafahamu. Usipokuja, nitafahamu pia, na nitatembea. Njia ya nyumbani naijua.

Mimi mdogo wako, nikupendaye na hasira zangu zote,

Mwanaharusi