Mlangoni kwa Mjomba Athmani

Jumatano, 5 Novemba
Nimekaza kamba za trela tena. Kitanda cha mvule, kabati, cherehani, masufuria, mikeka. Nyumba nzima ya Mama imeingia kwenye trela la kubebea matangi ya maji, na pikapu imeinama nyuma. Mama amefunga mlango wa nyumba ya Witu mwenyewe. Ufunguo amempa mpangaji bila kumtazama usoni.

Tangu Baba afariki nimekuwa nikimwomba aje akae nasi Bofa, Kilifi. Mke wangu Rehema amempakia chumba rangi ya kijani, kama alivyotaka. Sasa anakuja kweli, nami sina raha. Sijui kwa nini.

Tulipopita Garsen breki zikaanza kulia, kisha kanyagio likawa linazama. Kila nikipunguza mwendo trela linatusukuma. Mama akavuta tasbihi. Tumefika Malindi magharibi, tukalala kwa ndugu yake, Mjomba Athmani.

Alhamisi, 6 Novemba
Pikapu haiwezi kuvuta mzigo huu mpaka Kilifi bila kutengenezwa. Shida ni wapi.

Mjomba ni fundi. Magari yote ya Baba yalipita mikononi mwake, na gereji yake iko ubavuni mwa nyumba. Lakini Mjomba haoni. Jana alinimiminia chai kwenye sahani. Daktari alishamwambia amechelewa. Mtaa mzima unajua na hakuna anayethubutu kusema. Wateja wa zamani bado wanampelekea magari, wanamshukuru, kisha wanapita kwa fundi mwingine kukaza upya. Hiyo tunaiita heshima.

Mwenzangu wa kazini anaisifu gereji moja ya Kilifi, lakini kufika huko na breki hizi ni wazimu. Gereji za hapa mjini ni nyingi. Nikiingia yoyote, Mjomba atapata habari kabla sijazima injini.

Nimemwambia Mama tuite fundi mwingine. Hakupandisha sauti.

"Wataka kupita mlangoni kwa ndugu yangu na gari bovu? Basi na mimi nishushe papa hapa."

Nimeshindwa.

Ijumaa, 7 Novemba
Mjomba ameanza kazi baada ya swala ya Ijumaa. Hapendi kusimamiwa. Ukimsimamia umemtukana. Nimekaa barazani na Mama nikimtazama kwa mbali. Anapapasa nati za gurudumu moja moja kama mtu anayechambua mchele. Nyingine zilimdondoka, akazitafuta mchangani kwa viganja. Nikainuka nikamwokotee. Mama akanishika mkono, nikakaa.

Nimeona haya na nimeogopa, vyote pamoja.

Alipomaliza aliniambia, "Nenda na amani, mwanangu. Gari linalombeba dadangu siwezi kulifanyia mzaha."

Nimeamua. Kesho nitapitia Gede, kwa Karisa, fundi aliyewahi kunitengenezea pikapu. Aikague kimyakimya. Kama wanavyofanya wengine.

Jumamosi, 8 Novemba


Breki zilishika vizuri kutoka Malindi, nikajilaumu kwa kumshuku mzee wa watu. Gede nilikuwa karibu niipite. Nikakunja kona hata hivyo, nikamwambia Mama tunatafuta maji ya kunywa. Chupa ilikuwa miguuni pake, imejaa.

Karisa aliinama kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Akashika nati, akaizungusha kwa vidole viwili. Ikatoka. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa imeingia upande.

"Kaka, gurudumu hili halingefika Kilifi."

Niligeuka. Mama alikuwa ameshashuka, amesimama nyuma yangu. Aliichukua nati moja kutoka mkononi mwa Karisa, akaifunga kwenye pindo la leso. Karisa akatafuta nyingine ya kuweka mahali pake. Tukakaa kwenye benchi.

"Wangapi wajua kuwa Athmani haoni?"

Nikamwambia wote.

"Na mgeni apitaye njia, asiyejua, huyo je?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nakwenda zangu Bofa. Ningefika salama na nisiseme kitu.

"Geuza gari," akasema.

Jumapili, 9 Novemba
Malindi tena. Mama ameingia gerejini na Mjomba, akafunga mlango. Ni dada yake mkubwa. Mama yao alipokufa, yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Hakuna mwingine ambaye angeweza kumwambia. Maneno sikuyasikia. Nilimsikia Mjomba akilia, na sitaki kusikia tena mzee akilia hivyo.

Walipotoka, ufunguo wa gereji ulikuwa kwa Mama. Nikasema shikamoo. Mjomba akaitikia marahaba, kwa upole kabisa. Upole wake uliniumiza kuliko matusi.

Jioni Mama akasema haendi Bofa. "Nimemnyang'anya kazi yake. Nimwache na nani?" Mjomba ni mjane, hana mtoto. Nikamwambia basi aje naye. Mjomba amekataa. Nyumba hii anaijua kwa miguu, asema, kwangu itabidi aongozwe hadi chooni.

Nimemkasirikia Mjomba. Nimemkasirikia Mama. Hata Karisa, asiye na kosa lolote, nimemkasirikia.

Jumatatu, 10 Novemba
Tumeshusha mizigo. Kitanda cha mvule kimekataa kupita mlango wa nyumba. Mama akafungua gereji, akachukua fagio, akasema kiingie humo. Mjomba alishika upande mmoja wa kitanda, mimi wa pili. Hakujikwaa hata mara moja.

Cherehani imekaa pale palipokuwa na spana. Kunanuka oili. Mama anasema itatoka.

Jumatano, 12 Novemba. Bofa
Nimefika jana mchana. Trela tupu lilirukaruka na kupiga kelele njia nzima. Breki nzuri sana. Breki alizitengeneza vizuri, Mjomba, tatizo lilikuwa nati tu.

Rehema alitoka mlangoni na leso mpya ya kumpokea Mama. Sikuwa nimempigia simu. Nilishindwa kusema kwa simu. Akatazama kiti cha mbele, akatazama trela, akaikunja leso.

Leo asubuhi Mama amepiga simu. Mjomba amelala vizuri na amekunywa uji. Wanakaa barazani, magari yakipita Mjomba anamwambia lipi breki zake zimekwisha. Mama ameuliza kama nimefika salama na lile gurudumu. Nikamwambia nimefika.

Nimelifungua trela, nimeliegesha uani. Chumba cha kijani bado kinanuka rangi. Rehema amefungua madirisha.