Nani Anakutisha?

Jumatatu, 3 Juni

Tumerudi mazoezini. Mabingwa! Kombe liko juu ya kabati la Kocha, limeshaanza kushika vumbi. Mtunza vifaa anasema atalifuta akipata nafasi. Hapati.

Huko mtaani swali ni moja, taji tutalitetea vipi. Mimi kipa, niulizwe nini? Ninachojua ni kwamba mbele kuna nafasi tatu, washambuliaji wanne, na wote asubuhi nzima wananipopoa mimi. Mama Pacha kulia: kanyonyesha mwaka mzima, karudi na mbio zilezile. Sindano kushoto, anapita palipo na mabeki wawili kama hapana mtu. Hao hakuna wa kuwagusa. Katikati ni Wifi, dada wa mume wangu, mfungaji bora wetu.

Na yule mgeni kutoka daraja la pili. Haongei, tumeshambatiza Kimya. Kapiga shuti moja leo — sikuliona. Nimesikia nyavu tu. Nimebaki nimesimama na mikono yangu kama ya kuazima.

Jumanne, 4 Juni

Kimya tena. Tena! Jamani, yule binti mguu kautoa wapi? Nimetoka uwanjani nacheka peke yangu. Niliogopa, na bado nikafurahi. Tukiwa na huyu msimu ujao, makipa wa watu watalia.

Jioni Wifi kaja kula kwetu. Kaniuliza namwonaje mgeni. Nikasema ana mguu. Akasema hata yeye anao, tena miwili, ingawa mmoja umeshonwa. Tukacheka. Goti lake limepona, daktari kathibitisha.

Lakini kuna kitu. Kabla ya kupiga, siku hizi anasita. Kidogo mno, wa pembeni hawezi kuona. Mimi nakiona, na nikishakiona mpira ni wangu.

Alhamisi, 6 Juni

Keshokutwa ni siku ya swali. Kila msimu kabla ya mechi ya kwanza Kocha ananiita ofisini peke yangu: nani anakutisha? Nitakayemtaja ndiye anayecheza katikati. Anasema yeye anawatazama kwa pembeni, mimi ndiye ninayesimama mbele yao. Mwaka jana nilimtaja Wifi kabla Kocha hajakaa.

Wiki hii washambuliaji hawaniombi hata maji, wasije wakaonekana wanajipendekeza. Ndiyo mila yetu. Mume wangu mila haimhusu. Anamenya viazi, ananiuliza bila kuinua kichwa: utamtaja dada, si ndiyo? Nikamwambia amenye viazi.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi yamekwisha, Wifi kabaki. Kaniomba nisimame golini, yeye apige. Nikadaka. Nikadaka. Nikadaka tena. Mikono inafanya kazi yake, moyo unaniuma. Uliofuata niliuona tangu mguuni — nikachelewa kuruka. Makusudi. Ukaingia.

Hakushangilia. Kaja hadi wavuni, kauokota mwenyewe, kasema huo ningeweza kuudaka. Akaurudisha pale pale: "Rudia. Na usinionee huruma tena, Wifi, nitakuchukia."

Nikadaka. Akanipigia makofi. Nimelia bafuni, maji yakimwagika ili mume wangu asisikie.

Jumamosi, 8 Juni

Ofisini kwa Kocha. Kauliza swali lake, simu ikaita, katoka nje kuipokea. Ndiyo naandika, daftari juu ya glavu.

Dirishani naona uwanja. Nilidhani umebaki mtupu. Wapo wawili, Wifi na Kimya. Kimya anaweka mpira, anauzungusha mpaka tundu la upepo linatazama goli, halafu anavuta soksi ya kushoto. Ule uwekaji naujua! Ni wa Wifi. Hakuna mwingine anayezungusha mpira vile. Wifi kamshika nyonga, anamgeuza kidogo, anarudi nyuma. Kimya anapiga bila kusita.

Kumbe ndilo hilo. Shuti lililonigandisha Jumatatu nalijua tangu zamani, nimeligharamia vidole viwili vilivyovunjika. Ni la Wifi, lile la kabla ya goti. Kampa mwenzake, bila shaka tangu likizo. Kampa anayemnyang'anya nafasi, wala hakuniambia, na jana kaja kunipigia kwa lile lililobaki.

Sijawahi kumwona mtu wa namna hii. Nimekaa naye meza moja miaka yote, nikadhani namjua.

Sasa kachuchumaa, anamkazia Kimya kamba za viatu. Kainua uso, kaangalia dirisha hili. Sijui kama ananiona.

Nje Kocha anaaga kwenye simu. Nani anakutisha? Mmoja tu, kasema, na shuti moja lina wenyewe wawili. Mwaka jana sikumngoja akae.

Kaingia. Kavuta kiti. Kakaa.