Nilivyouzima Mtihani wa Zawadi

Guangzhou, Alhamisi usiku.

Mkono wangu huu una mazoea ya kijinga. Viza ya mjukuu wangu Zawadi imekwisha na polisi wanakagua pasipoti jengo zima, basi nikitoka namfungia chumbani kwa kufuli la nje, waone hamna mtu. Leo kabla ya kufunga nikazima swichi kuu ya umeme, iliyo nje ya mlango, kama tuzimavyo wenye maduka wote. Kumbe yeye ndiyo kwanza ameanza mtihani wa hesabu wa chuo, ule wa kwenye mtandao.

Kupiga kelele hakuthubutu. Alinipigia simu, nami kwa zogo la soko la vitambaa la Zhongda sikusikia.

Nimerudi nikamkuta juu ya robota la vitenge, macho mekundu.

"Bibi, umenifelisha."

"Nimekufelisha, mke mwenzangu. Sasa mwandikie mwalimu."

"Nimwambie nini? Kwamba najificha?"

"Mwambie bibi yako hajasoma na amezima umeme. Yote kweli."

Akacheka kwa hasira, akaandika. Jioni jibu likaja: arudie kesho asubuhi, mara hii tu.

Naogopa. Wakimkamata kabla hajamaliza, mwaka wake wa kwanza wa chuo umekwenda.

Lakini atafanya. Kesho siendi sokoni. Mama Sele wa chumba cha pili atatufungia sote wawili ndani. Polisi wakigonga, nitanyamaza. Mimi, ninyamaze! Tena kwa ajili ya hesabu nisizozijua hata moja.