Mgonjwa Asiye Kwenye Rejesta

Hosteli ya Mafunzo,
Chumba Namba 9,
Jumapili mchana, 16 Juni.

Mpendwa binamu yangu Njiti,

Salamu nyingi kutoka kwenye kitanda cha chuma kinacholia kila nikijigeuza. Natumaini u mzima, kazi inakwenda, na ile baridi uliyoilalamikia imekuachia nafasi ya kupumua. Picha uliyotuma nimeiona. Njiti siku hizi ni gogo, lakini jina tulishakupa na halibadiliki. Mgongo umepona? Usinijibu "naendelea vizuri" kama unavyowajibu wengine. Mimi ni nesi.

Kwa upande wangu mwili ni mzima, ila nimechoka, ndugu yangu. Si ule uchovu wa kulala ukaamka ukakuta umeisha. Huu naamka nao, nauvisha sare, naenda nao darasani.

Nilikuambia kwamba nimepewa kusimamia kliniki yetu ya afya ya akili, ile ya wagonjwa wanaohudumiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Sasa wametukusanya wasimamizi ishirini na wawili kutufundisha kazi ambayo tumekuwa tukiifanya kwa kubahatisha. Tuliambiwa wiki mbili. Ijumaa ya kwanza wakatangaza kuwa zitakuwa nne, nasi tukapiga makofi, sijui tulikuwa tunampigia nani.

Ukumbi una feni moja tu, na inapuliza upande mmoja, kwa hiyo watu wanawahi viti tangu saa moja kama wanagawiwa viwanja. Tunajifunza kupanga zamu, kuendesha vikao visivyochosha, kumsikiliza mtumishi aliyeelemewa. Siku ya mada ya uchovu wa watumishi tulisinzia watu wanne, na mmoja wao ndiye huyu anayekuandikia. Mkufunzi wetu ni mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na tangu tufike sijamwona akikaa.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Tafadhali kaa chini kwanza. Mama yako ni mzima, nakuambia mapema usije ukasoma huku moyo unakwenda mbio.

Unakumbuka siku unaondoka, tulipokuwa jikoni kwa shangazi na begi lako liko mlangoni. Uliniomba ugonjwa wake wa akili, daktari ukimtoa, usijulikane na mtu wa nne: yeye, wewe na mimi, basi. Nikakuahidi. Sikulaumu, kwa sababu aibu hiyo hata mimi nilikuwa nayo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi pale, na sikutaka shangazi yangu aonekane kwenye benchi letu. Daktari alimwona faraghani, akamwandikia dawa, na tangu hapo nimekuwa nikimpelekea mwenyewe ndani ya mkoba. Miaka sita hana faili wala kadi. Vidonge vyake kwenye daftari la dawa nilikuwa naviandika "vilivyoharibika". Na nilijiona mpwa mwema kweli.

Jumatano mkufunzi akatupa zoezi la kufuatilia wagonjwa wanaokosa tarehe zao. Kila mmoja achore safari ya mgonjwa kuanzia getini: nani anampokea, nani anaona kwamba hajaja, nani anampigia simu. Mimi na mishale yangu tulipendeza sana, hata jirani akawa ananakili. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kawaida, nani kati yetu ana mgonjwa asiye kwenye rejesta. Watu wakainamia madaftari yao. Mwanamume mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema ni mdogo wake. Akafuata mwingine. Nilihesabu mikono tisa kabla sijainua wangu.

Hakutugombeza. Alivaa miwani, akatutazama, akasema, "Huyo mgonjwa wako, siku wewe hupo, nani atajua kwamba hajaja?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Nilimwachia shangazi vidonge vya siku kumi na nne. Mafunzo yaliporefushwa nilimpigia, akasema hakuna shida, mwanangu, soma. Nami nikaridhika, nikaenda kupanga foleni ya chai. Kwa hesabu hiyo, Jumatano ilikuwa siku ya tatu tangu viishe. Mwanafunzi wa usimamizi ameshindwa kuhesabu mpaka kumi na nne.

Nilitoka nje nikampigia mara tano. Simu inaita, haipokelewi. Ikabidi nimpigie karani wetu wa faili, mzee mpole tunayemwita Bwana Kabati kwa sababu hata chai anainywea katikati ya makabati yake. Nikamtajia jina la mama yako, nikamwomba atazame. Alikwenda, akarudi kwenye simu anahema.

"Sista, nimepekua kabati zote. Huyu mtu hatunaye."

"Najua hatunaye," nikamwambia. "Ni shangazi yangu."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye korido, wafanya usafi wananipita na ndoo zao. Hivyo ndivyo ahadi yako ilivyovunjika. Nililia, sikufichi.

Bwana Kabati alimchukua nesi mmoja wakaenda kwake siku hiyohiyo. Walikuta mlango umekomewa, vyombo vyote vya jikoni vimetolewa nje na kupangwa ukutani kwa ukubwa wake. Shangazi yuko nyuma ya dirisha, anasema hafungui, watu wamekuja kumtoa kwenye nyumba yake. Baadaye nimejua kwamba tangu aliposikia nitachelewa alikuwa akivikata vidonge nusu nusu ili vifike mpaka nirudi. Alikuwa ananipunguzia kazi. Usingizi ulikuwa umemkimbia siku ya nne.

Nesi alibembeleza mpaka akachoka. Bwana Kabati hajasomea kubembeleza wagonjwa, yeye anajua kuandikisha tu. Basi akatoa kadi tupu mfukoni, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, akaanza kuuliza yale anayomuuliza kila mtu. Jina kamili. Umri. Unaishi na nani. Mtu wako wa karibu. Shangazi akawa anajibu moja moja, na mzee alipomkadiria umri akamwongezea miaka kumi, alikemewa vizuri. Alipomaliza akaipitisha kadi kwenye nondo. Nesi anasema shangazi aliishika muda mrefu, akauliza kama ni yake kweli na hatanyang'anywa. Kisha akafungua mlango.

Amechomwa sindano, amelala, ameanza kula. Jana nimeongea naye, sauti ni yake kabisa. Alhamisi na Ijumaa alirudi kliniki akakaa benchini na kadi yake kama watu wote, akamkuta jirani yake wa mlango wa pili, ambaye naye anakuja kwetu mwaka wa tatu. Basi jana kwenye simu tulijuliana hali, shangazi akanisimulia yaliyomkuta. Halafu akaniuliza, "Sasa nyinyi mlikuwa mnanificha ili nani asijue?"

Swali hilo nimelileta kwako, Njiti. Labda wewe jibu unalo.

Habari ya vile vidonge "vilivyoharibika" nimeiandika yote kwenye karatasi mbili, nimeituma kwa mganga mkuu kabla hajasikia kwa wengine. Pengine usimamizi nitauacha kabla sijapata cheti cha kuusomea. Liwalo na liwe. Kwa kuvunja ahadi yako sikuombi msamaha. Nakuomba msamaha kwa kuitunza miaka sita.

Imebaki wiki moja. Kesho ni mada ya matumizi bora ya muda, na wametuomba tuwahi.

Nisalimie wifi yangu na wale watundu wawili, uwaambie shangazi yao anataka barua yenye maneno, si michoro ya magari tu. Baba mdogo anakusalimu, bado anagombana na redio yake na redio bado inashinda. Mungu akutunze huko uliko, akupe riziki ya halali na usingizi wa kutosha, maana wangu umegoma.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama leo umenikasirikia,

Sista.

N.B. Kwenye kadi, pale penye mtu wa karibu, Bwana Kabati alishaanza kuandika jina langu. Shangazi akamzuia, akataja lako. Namba yako ya huko aliisema yote kwa kichwa, tarakimu kwa tarakimu, na hali yenyewe ilikuwa kama nilivyokueleza. Tarehe yake ni kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Asipofika, kliniki itakupigia wewe. Ukiona namba usiyoijua, pokea.