Haradali Arobaini na Dirisha Moja

Jumapili, 23 Septemba 2018

Itangazwe kwa wote wanaohusika — yaani mimi na kalamu hii — kwamba leo, saa nne na robo asubuhi, nyumba ya Emmett Wojcik wa mjini Erie imepokea rasmi chupa arobaini za haradali. Bei iliyolipwa: sifuri. Bendera zipandishwe. Shule zifungwe.

Chupa ni dola moja. Kuponi ya gazetini inapunguza senti hamsini, na duka hili huizidisha mara mbili. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza! Tatizo ni sheria yao: kuponi nne tu kwa kila risiti. Kwa hiyo risiti kumi. Mwanamume mmoja mwenye kitambi, anatoka kaunta, anarudi mwisho wa foleni, anatoka kaunta, anarudi. Mzunguko wa saba mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti kwamba wengine wana kwao pa kwenda. Sikugeuka. Washindi hawageuki.

Roberta alizitazama zile chupa mezani kama mtu aliyeletewa watoto wasio wake.

"Emmett. Sisi tunakula haradali?"

"Tutazoea."

"Mara ya mwisho umekula haradali lini, bwana?"

Sikukumbuka. Sherehe za Julai. Mwaka gani, sijui.

Nikamwambia haba na haba hujaza kibaba. Akasema kibaba kimejaa, mume wangu, sasa kimejaa haradali.

Lakini chini ya kila risiti pameandikwa kwa herufi kubwa: LEO UMEOKOA. Naupenda mstari ule kuliko mstari wowote wa Biblia, Mungu anisamehe. Tangu Machi, kiwanda kilipotupunguzia kazi kutoka siku tano hadi tatu, nimekata kila mstari wa namna hiyo na kuubandika nyuma ya daftari hili. Jumla hadi leo: dola 4,312. Nimemwambia Roberta kila Ijumaa naipeleka benki kwenye akaunti ya dirisha la chumba cha chini. Akasema vizuri, angalau hilo.


Jumatano, 26 Septemba

Corinne amepiga simu kutoka Pittsburgh. Tumbo limeshuka, miguu imevimba, mumewe yuko na jeshi ng'ambo hadi masika. Bado mpango ni uleule: akishajifungua na kupata nguvu anakuja kwetu, tarehe kumi Novemba, akae majira yote ya baridi. Chumba chake ni kile cha chini ya nyumba.

"Baba, na dirisha?"

"Liko njiani, mama."

Dirisha ni sharti la mji. Hakuna ruhusa ya kulaza mtu chini ya ardhi bila dirisha ambalo anaweza kupenya na kutoka moto ukiwaka. Kwa mjukuu wangu ningelitoboa hata bila sheria.

Fundi Stan amekuja kupima. Akashuka ngazi, akasimama. Karatasi za chooni hadi darini. Sabuni za kufulia. Dawa ya meno ya kutosha kikosi kizima. Makopo ya chakula cha paka (hatuna paka — lakini walikuwa wanatoa!).

"Emmett, ukuta uko wapi?"

"Nyuma ya karatasi."

"Nikate zege au nikate karatasi ya chooni?"

Tukahamisha marobota nusu saa. Hatimaye akaufikia ukuta, akachora mstatili kwa chaki ya bluu. Dirisha litakaa hapa. Dola 2,900. Nusu kabla hajagusa nyundo, mwisho Ijumaa ya tarehe ishirini na sita Oktoba, kwa sababu ardhi ikishaganda hachimbi mtu.

Nikamwambia hakuna shida. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye akaunti.


Jumapili, 7 Oktoba

Siku kubwa! Nepi!

Siku hizi natoka na magazeti ishirini kila Jumapili, kwa ajili ya kurasa za kuponi. Muuza magazeti ananiita profesa. Leo kulikuwa na kuponi za nepi za watoto wachanga, dola tatu kila katoni. Juu ya hapo, ukinunua katoni mbili mashine ya kaunta inatema karatasi ya dola kumi. Ila karatasi hiyo hutumika humohumo dukani, ndani ya siku kumi na nne, kisha inakufa. Kwa hiyo unanunua mbili, unapata karatasi, kwa karatasi unanunua mbili nyingine, inatema nyingine. Huwezi kusimama. Ukisimama umepoteza dola kumi! Ni kama kushuka kilima kwa baiskeli isiyo na breki huku unajisifu kwa mwendo.

Katoni kumi na mbili. Nepi elfu moja na mia mbili. Saizi ya kwanza kabisa, ile ndogo.

Yolanda wa kaunta namba tatu ananijua. Akauliza, "Mzee wangu, mapacha?"

"Mmoja."

Akazitazama tena zile katoni. "Basi huyo mmoja pole yake."

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka. LEO UMEOKOA 131. Na nililipa — haidhuru nililipa nini.


Alhamisi, 18 Oktoba

Amezaliwa! Mvulana! Saa nane mchana. Casimir, jina la babu yangu. Roberta amelia, mimi nimetokwa na kitu machoni, vumbi labda.

Ratili kumi na wakia kumi na tatu.

Nimeandika uzito huo halafu nikakaa. Nikashuka chini nikasoma katoni. "Hadi ratili kumi."


Jumamosi, 20 Oktoba

Corinne anasema hospitali walijaribu kumvika ile ndogo, ikagoma kufunga. Muuguzi akasema huyu kijana alizaliwa mtu mzima, tayari na mkopo wa nyumba. Corinne alicheka hadi mshono ukamuuma. Hajui nina ngapi. Hakuna anayejua ila Yolanda.

Nimezipakia zote garini, nimerudi dukani. Meneja ni kijana mpole, tai imekaa upande. Akaeleza polepole, kama anavyosemeshwa mgonjwa: bidhaa zilizonunuliwa kwa karatasi za kaunta hazirudishiki kwa pesa taslimu. Nikamwambia mjukuu wangu ni mkubwa. Akanipa pongezi. Kisha, kwa huruma, akanipa zawadi.

Kuponi! Dola mbili, kwa nepi za saizi ya pili.

Nimeipokea. Hiyo ndiyo inayonichoma hadi sasa. Nimesema asante, nimeikunja vizuri, nimeitia kwenye pochi.

Roberta alikuwa uani niliporudi. Akahesabu katoni zikishuka garini moja moja, midomo ikienda. Ningependa zaidi angenigombeza.


Ijumaa, 26 Oktoba

Stan alikuja saa mbili asubuhi kuchukua nusu yake. Roberta akasema, mpe hundi ya akaunti ya dirisha. Nikasema benki wanataka taarifa ya siku kadhaa kabla. Stan akanitazama. Anaweka pesa benki hiyohiyo, pumbavu mimi. Hakunivua nguo mbele ya mke wangu, ila alipofika kwenye gari lake akaniambia chini chini: "Nakupa wiki mbili, rafiki yangu. Baridi haitakupa."

Chakula cha jioni: soseji na haradali. Roberta aliisogeza chupa mbele yangu kwa kidole kimoja. "Karibu, profesa."

Kwa hiyo hata jina hilo limefika nyumbani.


Jumapili, 4 Novemba

Hakuna magazeti leo. Roberta alisema leo anakwenda yeye dukani, na mimi nifuate kama abiria, nisiseme kitu. Alikuwa na karatasi ndogo. Viazi, maziwa, mayai, kabichi, kuku, mkate, kahawa, vitu kumi na saba. Tulipopita kwenye rafu ya sosi ya nyanya, nunua tano upate ya sita bure, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Akaupiga kofi.

Dakika ishirini na mbili. Dola sitini na nne. Chini ya risiti: LEO UMEOKOA 0.00.

Nyumbani akaniomba daftari. Si hili — lile la matumizi. Tangu Machi tumekuwa tukitumia wastani wa dola mia moja thelathini kwa wiki dukani. Kabla ya Machi, nilipokuwa na mshahara kamili, tisini na tano.

Nilijitetea. Kusema kweli nina haki kidogo! Dawa ya meno hatujanunua tena tangu Aprili na hatutanunua hadi Casimir aote meno yake yote. Sabuni ya kufulia vilevile. Tunatumia hivyo vitu kila siku, vilikuwa nusu bei, haviozi. Hapo niliokoa, nitasimama hata mahakamani.

"Hapo sawa," akasema Roberta. "Na paka je?"

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Hawakusema itavunja na ukuta, au itashindwa kuvunja ukuta, ambayo ndiyo shida yangu.

Kisha akasema jambo ambalo limekaa kifuani hadi sasa. Kwamba hajali haradali. Anataka Corinne alale kitandani siyo kwenye kochi la sebuleni, mtoto mikononi, sisi tukipita kwenda kukojoa. "Pesa ya dirisha iko, Emmett?"

Nikasema iko.


Jumanne, 6 Novemba

Theluji ya kwanza. Nyepesi, imeyeyuka kufikia adhuhuri. Stan hajapiga simu. Sijampigia.


Jumamosi, 10 Novemba

Saa tatu asubuhi. Niko chini, nimekaa juu ya ndoo, tochi magotini. Corinne ametoka Pittsburgh alfajiri, anafika wakati wowote. Tangu jana nimesomba vitu: makopo ya paka kwa mama mwenye paka mtaa wa pili, karatasi za chooni kwa parokia, haradali thelathini na sita kwa jiko la maskini. Yule mtawa aliuliza kama nina soseji pia. Sina, sista.

Zimebaki nepi tu. Ukuta unaonekana wote sasa. Mstatili wa bluu wa Stan uko palepale, umenyooka, hata kingo zake kaziweka. Baridi inapita kwenye zege hadi mifupani.

Naandika kwanza ili nikifika mbele yao nisianze kupamba. Nikiachwa na mdomo wangu nitatoa kuponi. Basi ukweli, kama ulivyo:

Akaunti ya dirisha ipo. Niliifungua Machi kwa dola themanini na tano. Ijumaa iliyofuata nikatia arobaini. Ijumaa ya tatu sabuni ilishuka bei nusu, na ili kuokoa ilinibidi kwanza nitumie, nikachukua mle, nikasema nitarudisha. Sikurudisha. Baadaye nikachukua ya magazeti. Dola mbili kila gazeti, magazeti ishirini: haradali yangu ya bure ilinigharimu dola arobaini, dola moja kwa chupa, bei ileile iliyobandikwa kwenye rafu. Nililijua hilo siku ileile nikiwa maegeshoni, kabla sijawasha gari. Nilifika nyumbani nikaandika "sifuri".

Nepi zilichukua mia moja tisini na mbili za mshahara. Ndiyo hizo nilizokataa kuandika.

Sasa hivi kuna dola sitini na moja na senti kumi na nane.

Hakuna aliyeiba zile elfu nne. Hazikuwahi kuwepo. Ilikuwa ni bei ya vitu ambavyo nisingevinunua, imetolewa kwenye pesa ambayo sikuwa nayo. Kila Ijumaa nilimwambia Roberta nakwenda benki, nikaegesha nyuma ya duka la matairi, nikakata mistari ile midogo kwa mkasi na kuibandika. Kiwanda kiliniambia nina thamani ya siku tatu. Risiti ziliniambia nimeshinda. Nikachagua kusoma risiti.

Gari limeingia. Mlango. Sauti ya Roberta, halafu sauti nyingine nene yenye hasira — huyo ni Casimir, mapafu ya ukoo.

Corinne anauliza juu niko wapi. Roberta anamjibu yuko chini, anakutayarishia.

Ngazi zinalia. Nyayo za watu wawili, moja nzito, imembeba mtu.

"Baba? Mbona giza? Dirisha liko upande gani?"

Nimemsogezea katoni ya nepi akae.