Kufuli la Mama Mkwe

Brussels, Jumanne, Novemba 2012

Kufuli. Kati ya vitu vyote vya Ubelgiji, mama mkwe ameomba kufuli.

Kijijini kwao Flores, Indonesia, milango haifungwi. Ukitia kufuli umewaita majirani wezi. Lakini juzi nyati wake wa kulimia aliibwa, na majirani waliokuwa kwenye zamu ya ulinzi wanasema hawakusikia kitu.

"Kwani dukani kwao hakuna?" nilimuuliza Yosef, mume wangu.

"Yapo. Mama hataki kuuziwa na mtu anayemjua."

Nyumba yenyewe ya mianzi, ukuta unasukumika kwa bega.

Yosef ameshika simu tangu tulipokula, anatafuta jirani wa kumwomba akalale kwa mama. Ana namba za kijiji kizima. Hajui ampigie nani.