Matanga Niliyokataa Kuyaondoa

Baba,

Jana, mwaka ulipotimia, ilikuwa siku ya kuondoa matanga yako, na mimi, mtoto wako wa kwanza, nilikataa kuyaondoa. Nakuandikia ili habari hii uipate kwangu kabla hujaipata kwa wengine, kama ilivyokuwa desturi yetu kila nilipokosana na watu.

Wageni walijaa uani kwetu Ngagara. Mama alikuwa ameshavaa kitenge kipya. Chupa zilikuwa zimefunguliwa. Yalibaki maneno yangu machache, kwamba kilio kimekwisha na nyumba irudie maisha yake, ndipo watu wanywe. Hapo Deo akaomba kushuhudia.

Ndiyo, Deo wako. Yule uliyemfundisha katekisimu barazani, aliyekariri bila kukosea hata nukta, ukamsimamia ubatizo wewe mwenyewe. Ni yeye aliyekuita langoni asubuhi ile, "Mwalimu, njoo kidogo," huku nyuma yake wamesimama vijana wa kizuizi cha barabarani. Ulitoka kwa sababu ilikuwa sauti ya mwanao wa ubatizo. Zaidi ya hapo hatujui kitu. Mwaka umepita, vita havijaisha, na mwili wako hatujaupata. Yeye anajua ulipo.

Sasa ameokoka. Ana kanisa jipya kule Gasenyi, ana suti, ana kipaza sauti. Alisimama mbele ya Mama akasema Bwana amemsamehe yote. Baadhi ya wageni wakaitika Amina. Waliitika Amina, Baba, nyumbani kwako!

Nikamuuliza swali moja: yuko wapi? Akanijibu kwa upole wa mtu aliyejiandikia mwenyewe hukumu ya kuachiwa huru: "Dada mukubwa, ya kale yamepita."

Mzee Hamisi, fundi magari jirani yetu, akamjibu kutoka nyuma: "Yamepita wapi? Onyesha barabara, tuifuate." Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakaona haya. Deo akachukua Biblia yake akaondoka. Nami nikaketi bila kuyatamka maneno ya kuondoa matanga. Wageni wakabaki wameshika glasi, hawajui kama wanywe au waziweke chini. Shangazi akaninong'oneza kwamba nimemwaibisha marehemu. Huenda. Wewe ndiye wa kuniambia.

Maana hasira yangu si kwa Deo peke yake. Ni kwako pia. Nilipokuwa msichana nilikuuliza kwa nini watu huisikia Habari Njema ile ile na kuipokea kila mtu kwa namna yake. Ukanijibu kwa mbegu na udongo: mbegu ni moja, udongo ni tofauti. Nilikubali. Leo nalikataa jibu hilo, au walau jinsi ulivyolitumia, kwa sababu udongo hauna hatia. Mwamba haukuchagua kuwa mwamba. Deo alichagua, na alikuwa na asubuhi nzima ya kuchagua.

Mtazame Hamisi. Karakana yake imepakana na baraza letu. Kwa miaka mingi alisikia kila somo lako akiwa chini ya gari. Ulipomchokoza, alisema, "Mwalimu, maneno yako matamu, lakini mi nina yangu, alhamdulillah." Hakupokea hata moja kwa namna uliyoitaka. Lakini ni yeye aliyekwenda kizuizini mchana kweupe, mikono ina grisi, kuwauliza wale vijana wamekupeleka wapi. Walimpiga. Kesho yake akaenda tena. Kwa kipimo chako, udongo mzuri ni upi?

Nimelifikiri jambo hili mwaka mzima, na nimefika hapa: watu hawatofautiani sana katika kusikia, wala katika kuamini. Kila mmoja huliendea neno akiwa ameshaamua moyoni ni kitu gani hatakitoa kamwe. Deo atatoa machozi, ushuhuda, hata zaka. Hatatoa mahali ulipolala, kwa kuwa mahali hapo patamlazimu awataje wenzake. Mama ametoa kila kitu, hata msamaha. Namheshimu, na siwezi kumfuata. Mimi sitoi hasira yangu, na ninajua kwamba kwa kusema hivyo nimejiweka katika hoja ile ile ninayomhukumia Deo. Ulinifundisha kutojipendelea.

Hata hivyo, hasira yangu haimfichi mtu.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kila Jumapili nitakwenda Gasenyi, nitaketi benchi ya mbele kanisani mwake, na akishamaliza kusema kwamba amesamehewa, nitasimama na kumuuliza swali lile lile. Sitapaza sauti. Hamisi atanisindikiza. Amesema, "Mi nitangoja inje, kanisa si yangu, lakini kungoja najua." Siku Deo atakapojibu, nitakuja na Mama, na hapo ulipo ndipo nitakapoyatamka maneno ambayo jana niliyakataa.

Wafu huagwa kwa kutakiwa walale mahali pema. Mimi sijui mahali. Ningoje, Baba. Ninakuja kukuchukua.

Mwanao wa kwanza